Maji Yatakwenda Wapi? Hotuba Kuhusu Kugeuza Stoo Iliyoachwa Kuwa Chumba cha Kufulia

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana, na ninyi mafundi mliokaa safu ya nyuma ambao naona mmeanza kutabasamu kabla sijasema lolote,

Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo wengi wetu huipanga kila mwaka na kuiahirisha kila mwaka, nayo ni kuchukua chumba kisicho na shughuli, chenye mlango unaofunguka nusu kwa sababu nyuma yake kuna godoro bovu na kiti cha miguu mitatu, na kukigeuza kiwe chumba cha kufulia nguo. Mimi sikusomea ufundi. Kazi hii nimeifanya kwa mikono yangu mara moja katika nyumba ninayoishi, na mara mbili nikiwasaidia jamaa zangu. Ile ya kwanza niliikosea kiasi kwamba nililazimika kuvunja sehemu niliyokwisha kuimaliza na kuijivunia. Nitakaa zaidi kwenye hiyo ya kwanza, kwa sababu zile mbili nyingine zilikwenda vizuri na kwa hiyo hazina mengi ya kusimulia.

Mtu anapoingia kwenye stoo akiwa na wazo la kufulia, macho yake humpeleka kwenye ukuta ambako mashine itakaa. Kisha hutafuta mahali pa koki, halafu soketi, halafu rafu ya sabuni, na mwisho kabisa, saruji ikiwa imekwisha kukauka, ndipo hukumbuka kuuliza maji machafu yatapita wapi. Mimi naomba mpango huo ugeuzwe juu chini. Anzeni na njia ya maji kutoka nje ya nyumba, rudini nayo kinyumenyume hadi sakafuni, kutoka sakafuni mpande ukutani, na koki pamoja na mashine yenyewe vije mwishoni. Wahenga walisema maji hufuata mkondo, na ukweli ni kwamba usipoyachongea mkondo yatajichagulia wenyewe, aghalabu kuelekea chumba cha jirani chenye zulia.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha kazi hii ni futi kamba, na mahali pa kwanza pa kuitumia ni nje. Tafuteni chemba ya maji machafu iliyo karibu, mfunue kifuniko chake, mpime tofauti ya kimo kati ya kitako cha bomba mle ndani na usawa wa sakafu ya chumba chenu. Bomba la milimita 50 linahitaji kushuka takriban sentimita 2.5 kwa kila mita moja ya urefu. Chemba yangu ilikuwa umbali wa mita 4, maana yake sentimita 10 zililiwa na mteremko peke yake, na kwa kuwa tofauti niliyoipima ilikuwa sentimita 35, zilizobaki zilitosha kwa tundu la sakafuni na kiwiko chake. Laiti zingekuwa 15 tu, ingenibidi niinue sakafu nzima au nitafute chumba kingine, na ni heri kulijua hilo siku ambayo hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Mteremko ukipungua, nyuzinyuzi zinazotoka kwenye nguo hutuama bombani, povu la sabuni huzigandisha, na baada ya muda bomba la milimita 50 huwa na tundu la kupitisha kidole gumba.

Nimetaja kiwiko, na naomba nikieleze kidogo, kwa kuwa ndicho hutupwa na watu wanaotaka kupunguza gharama. Ni lile pindo la bomba linalobaki na maji muda wote, sentimita 5 hivi au zaidi kidogo, ili hewa chafu ya mfereji isirudi ndani. Mtengeneza saa mmoja Mskoti, Alexander Cumming, alilitia pindo la namna hiyo kwenye choo alichokipatia hataza mwaka 1775, na tangu wakati huo wazo lenyewe halijapata mbadala wa maana. Lakini maji hayo hukauka. Chumba kikiachwa bila kutumiwa kwa muda mrefu, kiwiko hubaki kitupu na mfereji huanza kupumulia ndani. Ile harufu ya chumba kilichoachwa, ambayo wengi hudhani ni ya panya au ya vitu vya zamani, mara nyingi huisha kwa kumimina jagi moja la maji kwenye tundu la sakafu. Jaribuni hilo kabla ya kununua manukato.

Njia ya maji ikishajulikana, ndipo vitu hutolewa nje na kuta hutazamwa uso kwa uso. Hapa pana tahadhari moja ya kusemwa haraka na kwa ukali. Ikiwa nyumba ni ya zamani, na dari au paa la chumba ni la asbesto, msilipasue, msilikwangue, msilitoboe. Simamisheni kazi mwite mtu aliyefunzwa kuliondoa. Vivyo hivyo kwa rangi ya zamani inayobanduka, kwa sababu huenda ina madini ya risasi: msiisugue kwa msasa mkavu, na msiwaruhusu watoto wawe karibu.

Sasa unyevu. Unyevu wa chumba kilichoachwa una asili tatu, na dawa ya mmoja haimponyi mwenzake. Upo unaopanda kutoka ardhini kupitia matofali, upo unaopenya kutoka juu au ubavuni kwa sababu ya paa linalovuja au dirisha lenye ufa, na upo unaotoka hewani, yaani mvuke unaogusa ukuta baridi ukageuka matone. Kuutambua hakuhitaji chombo cha bei kubwa. Chukueni kipande cha plastiki cha nusu mita kwa nusu mita, mkibandike ukutani kwa tepu pande zote nne, mkiache siku nzima na usiku wake. Matone yakionekana upande wa ndani, kati ya plastiki na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakionekana upande unaotazama chumba, yanatoka hewani.

Yangu yalionekana ndani. Ukuta wa nyuma ulikuwa na chumvi nyeupe kama unga, kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti, na ukiugusa lipu ilidondoka yenyewe. Niliambiwa na zaidi ya mtu mmoja nipake rangi ya kuzuia maji nimalize. Ushauri huo naupinga hadi leo: ukuta ulioloa ukizibwa uso, maji hayaondoki, hupanda tu juu zaidi yakitafuta pa kutokea, na mwaka unaofuata chumvi ambayo ilikuwa usawa wa goti huwa usawa wa kiuno. Nilitoka nje nikatazama upande wa pili wa ukuta ule ule, na sababu ikawa imelala pale pale. Kwa miaka mingi bustani ilikuwa imerundikiwa udongo, kidogo kidogo, mpaka ardhi ya nje ikawa juu ya sakafu ya ndani kwa sentimita 20. Ukuta ulikuwa umesimama ndani ya tope. Jumamosi mbili za jembe na toroli ziliishusha ardhi ile hadi sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu, ikainamishwa ili mvua iende mbali na nyumba, na kazi hiyo ya jembe ilifanya zaidi ya ambacho ndoo yoyote ya rangi ingefanya.

Baada ya hapo nilibandua lipu yote mbovu hadi sentimita 30 juu ya mstari wa chumvi, nikauacha ukuta uchi. Hii ndiyo sehemu inayowashinda wengi, kwa sababu haina kazi ya kufanya. Mafundi wa nyumba za zamani hukadiria kwamba ukuta ulioloa hukauka kwa kasi ya mwezi mmoja hivi kwa kila sentimita 2.5 za unene, na wangu una sentimita 15, kwa hiyo niliupa nusu mwaka. Nilichimba mtaro wa bomba katika muda huo, nikalaza bomba, nikalifukia. Lipu mpya niliichanganya na chokaa ili ukuta uendelee kupumua.

Sakafu ndiyo moyo wa chumba hiki, na ndipo nilipoaibika.

Chumba changu kina upana wa mita 2 na urefu wa mita 3, na tundu la kutolea maji liko kwenye kona moja. Kona iliyo mkabala nalo, kwa kupima kimshazari, iko umbali wa mita 3.6. Niliamua mteremko uwe sentimita 1.5 kwa kila mita, kwa hiyo kona hiyo ya mbali ilipaswa kuwa juu ya tundu kwa sentimita 5 na nukta kidogo. Hesabu ilikuwa sahihi. Mkono ndio uliokosea. Nilitumia pimamaji fupi ya sentimita 60, nikawa nauangalia mteremko wa kila kipande peke yake, na kila kipande kiliniambia ninachotaka kusikia. Nilimwaga tabaka la saruji na mchanga, nikaliacha likakauka, nikapaka dawa ya kuzuia maji, nikalaza vigae, nikaziba viungo, nikafuta vumbi, nikawaita watu wa nyumbani waje washuhudie ndoo ya kwanza ya maji ikimiminwa.

Maji yalikwenda kwenye tundu, kweli, kwa hatua mbili tatu. Kisha sehemu yake ikageuka, kwa utulivu kabisa kama mtu anayeijua njia ya kwao, ikaelekea kwenye kona iliyotengwa kwa ajili ya mashine, ikasimama pale. Lilikuwa dimbwi lenye ukubwa wa sahani na kina cha ukucha. Hakuna aliyesema kitu. Mtoto mmoja tu ndiye aliyeuliza kama hapo ndipo yatakapokaa.

Mtaniuliza, dimbwi la kina cha ukucha lina ubaya gani? Chini ya mashine halionekani na halifikiwi na ufagio, hivyo hukaa wiki nzima. Miguu ya chuma hushika kutu, viungo vya vigae huota ukungu mweusi, na mahali pasipokauka kamwe ndipo dawa ya kuzuia maji hupewa mtihani wake mgumu kuliko wote. Nilichukua tindo na nyundo nikavunja vigae 11. Kama ningemimina ndoo ile ile juu ya saruji kabla ya vigae, kosa lingerekebishwa kwa mwiko na karai moja la mchanganyiko.

Kwa hiyo mara ya pili nilitumia mbinu ya mafundi wa zamani, mpira mwembamba unaopitisha mwanga uliojazwa maji. Ncha moja ya mpira hushikwa kwenye tundu na nyingine hupelekwa kwenye kona yoyote ya chumba, na maji ya ncha mbili hukaa usawa mmoja hata kama kati yake kuna mlango na godoro. Kutoka kwenye usawa huo nilipiga mstari wa penseli ukutani kuzunguka chumba kizima, nikapima kushuka chini yake kila nusu mita, nikaweka vidonge vya saruji kama alama, na ubao mrefu ndio uliosawazisha kati ya alama na alama. Pimamaji ya sentimita 60 sasa inafanya kazi ya kuzuia mlango usijifunge.

Dawa ya kuzuia maji hupakwa mara mbili, mkono wa pili ukikatiza ule wa kwanza, na ipandishwe ukutani sentimita 15, kwani pembe ya sakafu na ukuta ndiyo hupasuka kwanza. Kabla ya kigae chochote, zibeni tundu, mjaze maji kina cha sentimita 2 au 3 kwenye sehemu ya chini, mchore mstari wa penseli pale yanapoishia, mrudi baada ya saa 24. Maji yakiwa yamepungua kwa kiasi kinachoonekana waziwazi, yamepata pa kupenya, nanyi mtakuwa mmelijua hilo kwa hasara ya ndoo chache tu. Na vigae viwe vya uso wa kukwaruza, si vile vinavyong'aa. Sabuni na miguu mitupu havipatani na kioo.

Kutoka sakafuni tunapanda ukutani. Mashine ya kufulia haiachii maji kwa upole kama sinki, huyasukuma kwa pampu, na lita kumi na kitu zinaweza kutoka ndani ya dakika moja. Mpira wake hutumbukizwa kwenye bomba linalosimama ukutani, ambalo mdomo wake huwa kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni kwa mashine nyingi, na kitabu cha mashine yenyewe ndicho cha kuaminiwa kuliko mimi. Hapa pia nina ungamo. Kwa kuchukia kurukiwa na maji, niliusukuma mpira ule ndani sana kisha nikauzungushia tepu mdomo wote usipitishe hata hewa. Mashine ilianza kujaza maji, ikajaza, ikajaza, dakika arobaini ikawa bado inajaza, na nje ya dirisha nikasikia maji masafi yakitiririka kwenye chemba. Nilikuwa nimetengeneza mrija wa kunyonyea: ncha ya mpira ilikuwa chini ya usawa wa maji ya ndani ya mashine, hewa haikuwa na pa kuingilia, na kila kilichoingia kwa koki kilinyonywa nje papo hapo. Mdomo wa bomba lile unatakiwa uwe mpana kuliko mpira na ubaki wazi, na mpira ushuke ndani sentimita 15 hivi, basi.

Kuhusu umeme nitasema machache, kwa sababu hapa ndipo mikono yangu huiweka mfukoni na kumwita fundi mwenye leseni. Mashine inayopasha maji hutumia takriban wati 2000, ambazo kwenye umeme wa volti 230 ni karibu ampia 9, na mzigo huo haufai kupachikwa kwenye waya wa kuunganishia uliokatiza mlangoni. Dai langu kwa fundi lilikuwa kwamba mashine iwe na njia yake yenyewe kutoka kwenye boksi la umeme, iwe na waya wa ardhi uliopimwa na si wa kudhaniwa, soketi iwe juu mbali na maji, na pawepo kifaa kinachokata umeme mara tu mkondo unapovuja kwa miliampia 30. Fundi akikwambia kifaa hicho ni anasa, tafuta mwingine.

Ndipo mashine inaingia, na mtakuwa mmeingoja vya kutosha. Fungueni kwanza zile boliti za nyuma zinazoshikilia pipa wakati wa kusafirishwa. Mashine inayokamua kwa mizunguko 1200 kwa dakika inazunguka mara 20 kila sekunde, na ikiachwa na boliti hizo hutembea chumbani kama inatafuta mlango. Rekebisheni miguu yake mpaka isitikisike kona yoyote. Mipira ya kuingiza maji huchakaa kwa ndani bila kuonyesha dalili nje, kwa hiyo ibadilisheni kila baada ya miaka mitano hivi, na fungeni koki kila mmalizapo kufua.

Sinki la kufulia kwa mkono lisisahaulike kwa sababu mashine imekuja. Langu nililipima mwenyewe, nikaliweka chini kidogo nikidhani chini ni rahisi zaidi. Mama yangu mzazi alipokuja, alisimama mbele yake, akainama mpaka mgongo ukawa upinde, akaniuliza, "Mwanangu, hili umelipima kwa kimo cha nani?" Sikuwa na jibu. Afuaye hafanyi kazi kwenye ukingo wa sinki bali kwenye kitako chake, ambacho kiko chini zaidi, na hapo ndipo mgongo huumizwa. Nililiinua hadi ukingo ukafika sentimita 90, na kwa upande wa mama nikapima mwenyewe kutoka kwenye kiwiko cha mkono wake akiwa amesimama wima, jambo ambalo lingenichukua nusu dakika siku ya kwanza.

Na kuna maji mengine yasiyopita bombani, ambayo husahauliwa hata na wanaoanza na mfereji. Kilo 5 za nguo, hata zikishakamuliwa na mashine, bado zinabeba karibu lita 3 za maji. Zikianikwa humo chumbani siku ya mvua, lita hizo zote huingia hewani, na hewa isipotoka huzirudisha kwenye ule ukuta ambao umeukausha kwa nusu mwaka. Dirisha moja halitoshi. Wekeni tundu la hewa chini upande mmoja na jingine juu upande wa pili, ili hewa kavu iingie na yenye mvuke itoke bila kuombwa, na kamba za kuanikia zipite katikati ya njia hiyo na si kwenye kona. Ikiwa chumba kiko katikati ya nyumba na hakina ukuta wa nje, hakuna ujanja mwingine zaidi ya feni ya kuvuta hewa yenye bomba linalofika nje kabisa, si darini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona saa imenipita. Nimekuja na mfuko huu ambao mliuona nilipoingia. Ndani yake mna kipande cha bomba la zamani nililolitoa chini ya stoo ile, ambalo mtu aliyenitangulia alilizika bila mteremko. Nimelikata kwa msumeno kwa urefu ili ndani paonekane. Naomba kipitishwe mkono kwa mkono kuanzia safu ya mbele, mtie kidole mle katikati mwone nafasi iliyobaki, na kikifika kwa mafundi pale nyuma wao ndio waanze maswali.